Watu wa Kitabu na vitabu vyao (Sehemu ya pili): Yusuf katika fungu la wiki

Makala iliyopita ilieleza namna gombo la Taurati linavyoandikwa: kwa mkono, kwa wino, juu ya ngozi, bila irabu na bila alama za kisomo, herufi 304,805 kwa hesabu ya waandishi wao. Likikutwa na herufi moja iliyokosewa, linawekwa kando hadi lisahihishwe. Maswali yaliyofuata, mengi nikiulizwa chini ya majumba ya Michenzani baada ya sala ya alaasiri, gazeti likipita mkono kwa mkono, yalikwenda kwenye jambo moja. Kitabu kama hicho kinasomwaje? Mayahudi wana juzuu? Wanakhitimu?

Aliyekulia chuoni ana haki ya kuanza na swali hilo, na jibu fupi ni kwamba wana mafungu na wanakhitimu kila mwaka. Fungu moja huitwa parasha. Yote ni 54, na kila wiki ina lake. Jina la fungu hutolewa kwenye maneno yake ya mwanzo, kama sisi tunavyosema mtoto yuko Amma au ameshaingia Tabaraka. La kwanza ni Bereshit, linaloanzia kuumbwa kwa ulimwengu. La pili ni Noah. La tisa, ambalo nimelichagua kwa makala ya leo, ni Vayeshev, na humo ndimo Yusuf anapotupwa kisimani na ndugu zake.

Juzuu na parasha hata hivyo si kitu kimoja. Juzuu zetu 30 zimekatwa kwa kipimo, ili mwezi wa Ramadhani ugawanyike sawasawa na imamu wa tarawehe ajue afike wapi. Parasha hazilingani: iitwayo Naso ina aya 176, na Vayelekh ina aya 30 tu. Mwaka wao ni wa mwezi mwandamo kama wetu, ila katika kila miaka 19 huongeza mwezi wa 13 mara saba, ili sikukuu zisitoke katika majira yake. Ndiyo maana Vayeshev haizunguki mwaka kama inavyozunguka Ramadhani. Huangukia mwishoni mwa Novemba au ndani ya Disemba, na huku kwetu huo ni wakati wa vuli. Mwaka usipokuwa na Jumamosi za kutosha, baadhi ya mafungu husomwa mawili kwa siku moja. Na wakifika mwisho, kwenye habari ya kufariki Nabii Musa, katika sikukuu ya Simhat Tora, hawafungi kitabu wakapumzika. Siku hiyohiyo gombo jingine linafunguliwa na kuumbwa kwa ulimwengu kunaanza kusomwa upya.

Usomaji wenyewe ni Jumamosi asubuhi. Wanahitajika watu wazima kumi wapate kutimiza jamaa. Gombo linatolewa kabatini, linalazwa mezani, na watu saba wanaitwa mmoja baada ya mmoja, kila mmoja kwa sehemu yake. Katika jamaa zinazoshika desturi ya zamani huitwa wanaume tu. Katika nyingine wanawake pia huitwa. Msomaji hagusi maandishi kwa kidole. Anafuata mstari kwa kijiti, mara nyingi cha fedha, chenye ncha iliyochongwa mfano wa mkono. Kwa kuwa gombo halina irabu wala alama, ni lazima awe amehifadhi matamshi na mahadhi ya kila neno kabla hajasimama. Akikosea kwa namna inayobadili maana, waliokaa humrekebisha kwa sauti hapohapo, naye hurudia neno. Aliyewahi kusoma mbele ya maalim wake anaijua hali hiyo.

Jumatatu na Alhamisi husomwa pia, lakini kwa ufupi: mwanzo wa fungu la wiki inayokuja, na watu watatu tu huitwa. Talmudi, mkusanyiko wa mafundisho ya wanachuoni wao wa kale, inaihusisha desturi hiyo na Ezra, ambaye sisi tunamjua kwa jina la Uzeir. Zilikuwa siku za gulio na za kukaa mahakama, watu wa mashamba wakija mjini, na lengo lilikuwa mtu asipitishe siku tatu bila kuisikia Taurati. Msomaji wetu ataona kwamba ndizo siku mbili zilezile ambazo kwetu ni sunna kufunga.

Mtu asidhani mambo haya yako mbali. Nairobi ina jamaa ya Mayahudi tangu mwaka 1904. Mwaka mmoja kabla yake serikali ya Uingereza ilikuwa imewapa viongozi wa Kizayuni wazo la kupewa ardhi katika uwanda wa Uasin Gishu, wazo ambalo mkutano wao mkuu ulilikataa mwaka 1905. Sinagogi yao iko katikati ya jiji, karibu na Uhuru Highway, na fungu la wiki linasomwa humo kama linavyosomwa London.

Habari ya Mbale, mashariki ya Uganda, ni ya kipekee zaidi, kwa sababu huko haikuletwa na wahamiaji. Semei Kakungulu, jemadari wa Kiganda aliyeziteka nchi za mashariki kwa niaba ya Waingereza kisha akakosana nao, aliisoma Biblia iliyotafsiriwa kwa Kiganda, akaona sheria za vitabu vitano vya Musa zinamlazimu. Mwaka 1919 alijitahiri pamoja na wanawe, akatangaza kwamba yeye na watu wake ni Mayahudi. Wafuasi wake wakaitwa Abayudaya. Mwaka uliofuata alifika kwao Myahudi mgeni, jina lake Yosef, akakaa nao miezi michache akiwafundisha kalenda, sikukuu na namna ya kuchinja. Kakungulu alifariki mwaka 1928. Idi Amin alipoingia madarakani alipiga marufuku dini yao, na utawala wake ulipoanguka mwaka 1979 walikuwa wamebaki kama watu 300, waliokuwa wakiabudu kwa siri. Leo makao yao makuu ni kilima cha Nabugoye. Kiongozi wao, Gershom Sizomu, alihitimu kuwa rabi huko Los Angeles mwaka 2008, na mwaka 2016 alichaguliwa kuwa mbunge wa Uganda. Katika vilima hivyohivyo kuna ushirika wa wakulima wa kahawa, Mirembe Kawomera, ulioanzishwa mwaka 2004, ambamo Mayahudi, Waislamu na Wakristo wanauza mazao yao pamoja. Ibada ya Nabugoye huchanganya Kiebrania na Kiganda, na fungu kwa kawaida ni lilelile la wiki hiyo duniani kote.

Haikuwa hivyo siku zote, kwamba wote wawe kwenye ukurasa mmoja. Mayahudi wa Iraki walikhitimu kwa mwaka mmoja, na wa Palestina kwa miaka mitatu au zaidi kidogo. Msafiri Benjamin wa Tudela, aliyepita Misri karibu na mwaka 1170, alikuta masinagogi mawili katika mji mmoja, kila moja na hesabu yake. Akaandika kwamba siku ya kusherehekea Taurati walikutana wote na kuswali pamoja. Hatimaye desturi ya Iraki ndiyo iliyoenea.

Iraki ile ya zama za Bani Abbas ndiko alikofanya kazi Saadia, mzaliwa wa Fayyum huko Misri mwaka 882, aliyefariki mwaka 942. Mayahudi wa wakati wake walizungumza Kiarabu kama majirani zao, naye akawatafsiria Taurati kwa Kiarabu, akakiita kitabu chake Tafsir. Mayahudi wa Yemen waliishika kazi hiyo kwa karne nyingi. Walishika pia desturi ya zamani zaidi: msomaji anasoma aya moja kwa Kiebrania, kisha mtoto anasimama na kuisema aya hiyohiyo kwa Kiaramu, ambayo iliwahi kuwa lugha ya watu sokoni. Aya kwa aya, fungu zima. Walioifanya Aden, bandari ambayo majahazi ya Unguja yaliizoea, waliifanya hadi walipohama katikati ya karne iliyopita.

Hata Kiswahili kina sehemu yake katika habari hii. Mmisionari Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844 baada ya kupita hapa Unguja kuonana na Sayyid Said. Mwaka huohuo, akisaidiwa na kadhi wa Mombasa, alianza kukitia kitabu cha Mwanzo katika Kiswahili, na milango mitatu ya kwanza ilichapwa Marekani mwaka 1847. Kwa hesabu ya Mayahudi, milango hiyo iko ndani ya fungu la kwanza, Bereshit.

Kanuni ya kusoma parasha nyumbani inatoka katika Talmudi: mtu amalize fungu pamoja na jamaa, asome maandiko mara mbili na tafsiri mara moja. Inatosha wiki nzima, ukianza Jumapili. Siku hizi wengi badala ya tafsiri ya Kiaramu husoma sherehe ya Rashi, mwanachuoni wa Troyes, Ufaransa, aliyeishi kati ya mwaka 1040 na 1105. Sherehe yake ni fupi, karibu na kila aya, na huwa inajibu swali ambalo msomaji makini lazima alipate. Hapa ndipo ninapoona uzito wa fungu la wiki. Halikuwekwa ili watu wamalize kitabu tu. Linamweka mtu mbele ya kipande kidogo cha maneno kwa siku saba, mpaka aanze kuuliza kwa nini kimesemwa hivi.

Mjukuu wa Rashi, anayejulikana kwa kifupi cha Rashbam, ameandika jambo mwanzoni mwa fungu hilihili la Vayeshev ambalo kila mwanafunzi wa elimu angefaa kulijua. Anasema alijadiliana na babu yake juu ya maana ya wazi ya maandiko, naye babu akamkubalia kwamba kama angepata nafasi angeandika sherehe nyingine, kwa kufuata maana za wazi zinazochipuka kila siku. Mzee ambaye dunia nzima ya Mayahudi inamsoma hadi leo anamwambia kijana wake kwamba kazi haijakwisha. Na kijana hakuona haya kuliandika.

Sasa tuingie kwenye fungu. Itikadi yetu juu ya Taurati iliyoko mikononi mwa watu leo inajulikana, na sikuja kuijadili hapa. Nataka kueleza wenyewe wanavyoisoma, na nimechagua Yusuf, alayhi salaam, kwa sababu ndiye nabii ambaye kisa chake hakuna mtoto wa Unguja asiyekijua. Sura Yusuf ina aya 111 na inakitoa kisa kwa mfululizo mmoja, mwanzo mpaka mwisho. Taurati inakitandaza katika mafungu manne, wiki nne.

Vayeshev inaanzia mlango wa 37 wa Mwanzo na kuishia mwisho wa mlango wa 40. Yusuf ana miaka 17, baba anampenda kuliko wenzake, amemshonea joho la pekee, anaota ndoto. Ndugu wanamtupa katika kisima kisicho na maji, anauzwa kwa vipande 20 vya fedha, anafika Misri, anatakwa na mke wa bwana wake, anakataa, anatiwa gerezani, anawafasiria ndoto watumishi wawili wa mfalme.

Katikati ya hayo zimo aya tatu ambazo wasomaji wengi wa haraka huziruka. Yaakub amemtuma Yusuf kutoka Hebron kwenda Shekemu kuwaangalia ndugu zake. Anafika, hawaoni, anatangatanga mashambani. Mtu mmoja anamkuta, anamuuliza anatafuta nini, kisha anamwambia kwamba amewasikia wakisema wanakwenda Dothani. Basi. Mtu huyo hana jina, hakuwahi kutajwa kabla na hatajwi tena. Kwa nini kitabu ambacho kimeacha mengi makubwa kikamhifadhi huyu? Rashi anasema alikuwa malaika Jibrili. Ibn Ezra, mwanachuoni wa Andalusia asiyependa kupita mipaka ya maneno, anasema alikuwa mpita njia, hakuna zaidi. Ramban, mfasiri aliyekuja karne moja baadaye, anasema habari hiyo imewekwa tujue kwamba kadari ya Mungu ndiyo kweli na hila za mtu ni bure: Yusuf alikuwa na kila sababu ya kurudi nyumbani salama, na Mungu akamletea wa kumwonyesha njia bila mwenyewe kujua kwamba anaonyesha. Mimi naliona jibu la Ramban kuwa zito kuliko yote. Bila mtu yule Yusuf anarudi kwa baba yake, hakuna Misri, na hakuna utumwa wa Bani Israili ambao Musa aliwatoa.

Msafara unaomchukua Yusuf umetajwa pamoja na shehena yake: manukato, zeri na ubani wa miti. Msomaji wa Unguja, kisiwa cha karafuu, mdalasini na iliki, hapati shida kuuona msafara huo. Rashi anauliza kwa nini shehena ielezwe, na anajibu kwamba misafara ile kwa kawaida ilibeba lami na mafuta ya kunuka, ila safari hiyo Mungu alijaalia manukato ili mja mwema asiumizwe na harufu mbaya. Ni huruma ndogo ndani ya msiba mkubwa. Hakuachwa asiuzwe, lakini hakusahauliwa kabisa.

Kuuzwa kwenyewe kuna utata katika maandiko. Mara wanatajwa Waishmaeli, mara Wamidiani. Rashi anasema aliuzwa mkono kwa mkono, zaidi ya mara moja. Rashbam anampinga babu yake: Wamidiani ndio waliomtoa kisimani na kumuuza, ndugu wakiwa mbali wamekaa kula, hawajui. Lakini hata yeye haoni kwamba hilo linawatoa ndugu hatiani, maana walikuwa sababu. Ama thamani ya vipande 20, ni ileile ambayo kitabu cha Walawi kinaitaja kwa mwanamume wa umri wa miaka 5 hadi 20 katika hesabu ya nadhiri. Qurani nayo imetaja kwamba aliuzwa kwa thamani duni, dirhamu za kuhesabika.

Baada ya Taurati, kila Jumamosi husomwa kipande kutoka vitabu vya manabii, kinachoitwa haftara, kilichochaguliwa kiendane na fungu. Kwa Vayeshev ni maneno ya Amosi, yanayoanza kwa kuwashutumu waliomuuza mwema kwa fedha na masikini kwa jozi ya viatu. Wazee wa midrashi, yaani ufafanuzi wa kale wa maandiko, waliunganisha: ndugu kumi waligawana vipande 20, viwili kila mmoja, wakanunua viatu. Nikilisoma hilo nikiwa Michenzani siwezi kuliacha huko Kanaani. Kutoka hapa hadi Mkunazini ni mwendo mfupi kwa miguu, ukipita Darajani. Pale watu waliuzwa hadhara mpaka Sayyid Barghash alipotia saini mkataba wa Juni 1873 na soko likafungwa. Waliouzwa nao walikuwa na baba zao waliowalilia, na waliowauza walirudi majumbani na kitu mkononi. Waliochagua Amosi kwa wiki hii walitaka msomaji asipite haraka kwenye ile fedha.

Kisha fungu linafanya jambo la ajabu. Yusuf akiwa njiani kwenda Misri, kisa kinasimama, na mlango mzima wa 38 unamhusu Yuda, ndugu aliyetoa shauri la kumuuza. Wanawe wawili wanafariki, mmoja baada ya mwingine, wakiwa waume wa Tamari. Yuda anamwahidi Tamari mwanawe wa tatu, hatimizi. Tamari anajifunika uso, anakaa njiani, Yuda hamtambui, anamwahidi mwana-mbuzi, na anamwachia muhuri wake, uzi wake na fimbo yake kuwa rehani. Tamari anapatikana na mimba, Yuda anaamuru achomwe moto. Anapotolewa, hapigi kelele wala hamtaji mtu. Anavipeleka vitu vile kwa Yuda na kumtaka avitambue ni vya nani.

Wengi wamedhani mlango huu umepotea njia. Wazee wa midrashi hawakudhani hivyo, na ushahidi wao ni wa mtu aliyesoma fungu lote kwa wiki moja, akiwa na mwanzo wake masikioni anapofika katikati. Ndugu walichinja mbuzi, wakalichovya joho katika damu, wakampelekea baba na kumtaka alitambue kama ni la mwanawe. Ombi ni lilelile, kwa maneno yaleyale. Kwa hiyo wanasema Yuda ameambiwa: ulimhadaa baba yako kwa mwana-mbuzi na ukamtaka atambue, na Tamari amekuhadaa kwa mwana-mbuzi na kukutaka utambue. Na Yaakub mwenyewe, ukirudi nyuma mafungu machache, alijifunga ngozi za mbuzi mikononi ili baba yake asiyeona amdhanie ni ndugu yake Esau. Yuda anavitambua vitu, na anasema mbele ya watu kwamba Tamari ana haki kuliko yeye. Katika mafungu yanayofuata ni yeye atakayesimama mbele ya waziri wa Misri na kujitoa awe mtumwa badala ya mdogo wake Benyamini. Mtu huyo hakutokea ghafla, alianza kutengenezwa hapa, alipokubali kosa lake bila kulazimishwa.

Tunarudi kwa Yusuf nyumbani mwa bwana wake. Mke wa bwana anamtaka, naye anakataa. Juu ya neno hilo moja la kukataa, wasomaji wana alama ya mahadhi iitwayo shalshelet, inayopatikana mara nne tu katika Taurati nzima. Sauti inapanda na kushuka, inapanda na kushuka, mara ya tatu tena, kabla ya kuendelea. Waliokaa sinagogini wanausikia mvutano kabla hawajafikiria maana. Wafasiri wengi wanasema alama hiyo iko mahali ambapo moyo ulivutwa pande mbili. Talmudi inasema kilichomsimamisha Yusuf ni sura ya baba yake iliyomtokea dirishani. Wasomaji wa tafsiri zetu wataikumbuka aya ya 24 ya Sura Yusuf, inayotaja hoja ya Mola wake aliyoiona, na riwaya alizozinakili At-Tabari, mojawapo ikisema kwamba alimwona baba yake Yaakub. Wanazuoni wa pande mbili, kila mmoja na kitabu chake, wakiuliza swali moja na kumwona mzee yuleyule. Sijui msomaji gani wa Michenzani anaweza kulipata hilo asisisimke.

Tofauti nazo zipo na zisifichwe. Katika Qurani kanzu iliyochanika nyuma inamtakasa Yusuf hapohapo, kwa ushahidi wa mtu wa nyumba ya mwanamke. Katika Taurati vazi linabaki mkononi mwa mwanamke na kufanywa ushahidi dhidi ya Yusuf, na hakuna anayemtetea. Ni mara ya pili katika fungu moja nguo yake inasema uongo.

Gerezani anawafasiria ndoto mnyweshaji na mwokaji wa mfalme. Anamwomba mnyweshaji, atakapotoka, amtaje kwa mfalme. Mnyweshaji anatoka, anarudishiwa kazi yake, na aya ya mwisho ya Vayeshev inasema hakumkumbuka Yusuf, alimsahau. Fungu linaishia hapo. Gombo linakunjwa, watu wanakwenda kula, na Yusuf yuko ndani wiki nzima. Aliyegawa mafungu angeweza kuongeza aya chache akamtoa. Hakufanya hivyo, na naamini alikuwa na hekima. Fungu linalofuata, Miketz, linaanza kwa kusema kwamba miaka miwili imekwisha. Rashi, akifuata midrashi, anasema miaka hiyo iliongezwa kwa sababu Yusuf alimtegemea mnyweshaji. Na katika tafsiri za aya ya 42 ya Sura Yusuf, wamo wafasiri wetu waliosema hilohilo juu ya miaka yake ya gerezani.

Sehemu ya tatu, wiki ijayo inshallah, itakuwa juu ya Miketz: ndoto ya mfalme, miaka saba ya neema na saba ya njaa, na ndugu kumi mbele ya waziri wasiyemtambua. Msomaji anayetaka kufuatana nasi asome Sura Yusuf, aya ya 1 hadi ya 42, katika Qurani Takatifu ya Sheikh Abdallah Saleh Farsy, na mwenye Biblia asome Mwanzo, mlango wa 37 hadi wa 40. Asome mara mbili, aandike maswali yake, na aya ya 43 aiachie wiki ijayo.